Baba Alipohamia Majini

Kaka alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nakunja pindo la sare ya shule ya mteja, akasema bila hata salamu, "Baba kanunua boti."

Nilikuwa nimepanga chumba Tandika, na jirani yangu alikuwa fundi wa milango ya chuma, kwa hiyo nilidhani sikusikia vizuri. Nikatoka nje, nikaziba sikio moja.

"Kanunua nini?"

"Boti, dada. Boti ya tanga. Tena anaishi humo humo. Kaondoka na godoro lake."

Ili habari hii ieleweke, lazima niseme kidogo baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa askari magereza. Karibu maisha yake yote ya kazi yaliishia Ukonga, na sisi wanawe tulizaliwa na kukulia kwenye nyumba za askari, tukilala na kuamka kwa filimbi. Alitoka kusini, kule juu Newala, mahali ambapo hata kisima ni habari, sembuse bahari. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Kunduchi. Likizo zote za shule mimi na kaka tulipelekwa kwa bibi Kunduchi. Mimi nilirudi nikiwa mweusi kwa jua na ninaogelea kama kambale; kaka alirudi kama alivyokwenda, kwa sababu alikuwa anashinda ndani akisoma.

Mama alipofariki, baba alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alipostaafu, kaka alimchukua kwake Kibamba. Alimjengea chumba chenye choo chake ndani, akaweka feni, na wifi yangu alikuwa anampikia ugali wa muhogo ingawa yeye mwenyewe ni mtu wa Kilimanjaro na ugali ule alikuwa hauwezi. Hakuna aliyemkosea baba kwa lolote. Nadhani hilo ndilo lililomchoma kaka zaidi.

"Angekuwa kagombana na mtu ningeelewa," aliniambia. "Kaamka tu, kasema anakwenda Kunduchi kumsalimia mama mdogo. Sasa wiki ya tatu hii. Nenda wewe. Wewe ukisema anasikia."

Hiyo haikuwa kweli. Baba hakuwa anamsikia mtu. Ila mimi nilipewa jina la mama yake, na tangu nikiwa mdogo aliniita "mama," kwa hiyo watu walidhani nina mamlaka fulani juu yake. Nikafunga nguo za siku chache kwenye kikapu, nikaenda.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ananisubiri mwaloni. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, na aliishi kwa kuuza pweza na samaki wa kukaanga. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, na kila siku alivuka kwa kidau chake mwenyewe.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumchukua mgonjwa wetu?"

"Kwani anaumwa?"

"Anaumwa boti," akasema, akanisukumia kafi. "Panda, tumtazame."

Tulipozunguka kona ya mikoko nikaiona. Sijui nilitegemea nini. Ilikuwa boti ndogo nyeupe ya faiba, ya aina ile ya wazungu, ina mlingoti mmoja na kibanda cha chini katikati, rangi imechubuka ubavuni na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka mlingotini hadi nyuma. Kwenye kamba palikuwa na fulana mbili za baba na soksi. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya paa la kile kibanda, kavaa kaptula ya kaki na kofia ya ukindu, anamenya korosho.

"Karibuni nyumbani," akasema, kama mtu aliyezaliwa pale.

Hadithi yake ilikuwa fupi. Alikuja kumsalimia shemeji yake, maji yalikuwa yamekupwa, akaiona ile boti imekaa juu ya tope, wima, kwa sababu ilikuwa na mikuku miwili mifupi chini, kama miguu ya kuisimamisha. Mwenye boti alikuwa mgeni fulani aliyerudi kwao zamani, akamwachia fundi wa mashine za boti, naye fundi hakujua aifanyie nini. Baba alikuwa na pikipiki. Wakabadilishana.

"Baba," nikamwambia, "pikipiki yako nzima?"

"Pikipiki huwezi kulala ndani."

Niliingia chini nikiwa nimejiandaa kukuta uchafu, nipate la kumsema. Nikakuta kila kitu kimepangwa kama siku ya ukaguzi. Vikombe viwili vimetundikwa kwenye misumari. Shuka limekunjwa pembe nne. Mtungi mdogo wa gesi umefungwa kamba ili usicheze. Redio, taa ya sola, msahafu juu ya rafu yenye kizuizi cha mbao alichokichonga mwenyewe, mapambo kidogo ya majani pembeni, maana mikono ya kwao kusini haijui kuacha ubao mtupu. Nilikaa kwenye kile kitanda chembamba, maji yakagonga ubavuni, na badala ya kusema niliyotumwa nikajikuta nauliza, "Mimi nitalala wapi?"

Nilikusudia kulala siku mbili tatu. Kilichonibakisha ni ndoo.

Siku ya pili asubuhi baba alikuwa anachota maji ya bahari ya kuoshea sitaha. Kamba ikamponyoka, ndoo ikaelea, ikaanza kwenda zake taratibu na mkondo. Ilikuwa karibu sana, mtu angeruka tu na kuishika. Baba alisimama akaitazama. Akaitazama tu, mikono nyuma, kama anaangalia gwaride la wengine, mpaka ikapotea kwenye mikoko.

"Baba, mbona hukuifuata?"

"Imekwenda."

Nikamtazama vizuri. "Baba, wewe hujui kuogelea?"

Akarekebisha kofia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mzee wa umri ule, peke yake, juu ya maji usiku na mchana, na hajui hata kuelea! Nikamwambia palepale kwamba sirudi Tandika mpaka ajue kuogelea, na yeye haniondoi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kalete cherehani yako." Nikampigia kaka nikamwambia mambo yatachukua muda. Kaka akasema, "Mungu wangu, sasa wako wawili."

Ndivyo nilivyohamia majini. Cherehani yangu ya mkono tuliifunga kwenye meza ya kukunja, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa tanga lenyewe. Lilikuwa limechanika sehemu nyingi na limeoza pembeni. Nilinunua kitambaa cha turubai, nikakata viraka, nikashona mshono juu ya mshono, na kwa siku kadhaa tanga lilijaa kibanda chote mpaka baba akawa anaingia kwa kutambaa. Nimeshona nguo za harusi nyingi maishani mwangu. Hakuna nguo iliyowahi kunifanya nipige kelele kama lile tanga siku lilipovuta upepo kwa mara ya kwanza na viraka vyangu vikashika.

Kuliendesha ilikuwa kesi nyingine. Aliyetufundisha ni mama mdogo. Marehemu mume wake alikuwa na mashua, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani mumewe akivuta nyavu. Alikaa nyuma ya boti yetu na gauni lake na mtandio, anatoa amri, na baba, aliyeamrisha watu maisha yake yote, alikimbia huku na huku na kamba mkononi.

"Shemeji, legeza! Legeza nasema! Upepo haupigiwi saluti!"

"Nimelegeza!"

"Umekaza hiyo. Ndo maana Ukonga hawakutoroka."

Kuna siku alituacha tuende wenyewe, nasi tukapanda fungu la mchanga mbele ya soko zima la samaki, maji yakatukimbia tukabaki tumekaa pale kama kuku kwenye mayai. Wavuvi wakapita kwa miguu kando yetu wakisema, "Afande, gari limezima?" Baba akawaitikia kwa heshima zote, akateremka, akaanza kusugua chini ya boti kana kwamba ndicho tulichokijia. Nilimpenda sana siku ile.

Maisha yetu yalikuwa madogo na yalitosha. Tulivua kwa mshipi alfajiri. Tukipata changu wawili basi siku imekamilika. Mchicha ulikua kwenye madumu yaliyokatwa ubavu. Sola ilitosha taa, redio na simu zetu, na siku za mawingu tulichagua kimoja. Wanawake wa Kunduchi waliniletea khanga za kupindwa na magauni ya kupunguza, wavuvi wakaniletea maturubai, wengine wakalipa kwa nazi na unga, na nilikuwa napeleka kazi nikiwa nimebeba mfuko kichwani, napita kwenye tope la mikoko, viatu mkononi.

Kwenye maji ya kunywa na kupikia ndipo nilipomjua baba upya. Mvua ikinyesha tulitandaza turubai juu ya sitaha likajaza madumu, na isiponyesha tulichota kwa mama mdogo. Lakini hakuna tone lililotumika mara moja. Maji yaliyoosha mchele yaliosha mboga, yaliyoosha mboga yaliloweka vyombo, na mwisho yalikwenda kwenye mchicha. Alinipa kikombe kimoja cha kunawia uso. Nilipolalamika akasema, "Mama, huko kwetu mama yangu, yule unayeitwa jina lake, alikuwa anateremka bondeni na kurudi na maji kichwani, anaondoka giza anarudi jua kali. Kikombe kama hicho tulinawa watoto watatu." Nilikuwa nimekaa naye miaka yote ile Ukonga, bomba liko nje ya mlango, na hakuwahi kunisimulia hilo. Pale kwenye boti kulikuwa hakuna pa kwenda jioni, basi alisimulia. Nilimjua bibi yangu wa Newala kutokana na kikombe cha maji.

Mafunzo ya kuogelea yalifanyika asubuhi maji yakijaa. Nilimfunga kamba kiunoni, upande wa pili nikaufunga kwenye boti, nikashuka naye kwa ngazi. Alikuwa anazama kama jembe.

"Baba, lala chali. Jifanye uko kitandani Kibamba."

"Mtu mzima halali bila kitu chini yake."

"Maji ndiyo yako chini yako."

"Hayo siyaamini bado."

Aliyapiga maji kama anawafukuza mbwa. Alikaza shingo, alifumba macho, akameza maji, akatoka akikohoa na kusema leo inatosha. Wiki zikapita, miezi ikapita. Alijifunza kushika ubavu wa boti na kupiga miguu. Alijifunza kuweka uso majini kwa muda wa bismillahi moja. Lakini kila nilipotaka kuifungua kamba ile kiunoni alisema, "Bado kidogo, mama. Miguu bado inanisumbua." Sikuwa na haraka. Kusema kweli nilikuwa nimeacha kumfikiria jirani yangu wa milango ya chuma.

Kisha ikawa siku niliyokwenda Kariakoo kununua nyuzi na zipu. Nilimwambia baba nitarudi jioni, lakini duka nililolitegemea lilikuwa limefungwa, nikarudi mchana. Nilimkuta mama mdogo ufukweni, pale kwenye kona ya mikoko, anasafisha pweza, nikasimama naye kuongea, nikisubiri anivushe. Ndipo nilipoona kichwa kwenye ule mkono wa bahari.

Kilikuwa kichwa cha baba. Hakuwa na kamba wala boti karibu yake. Alikuwa anaogelea kutoka upande wa nyumba ya mama mdogo kurudi kwenye boti, mkono mbele, mkono mbele, bila haraka, na alipofika katikati akageuka chali, akafumba macho akalala juu ya maji kama yuko kwenye mkeka barazani. Nikasikia anaimba. Kifua chake kilikuwa juu, vidole vya miguu viko juu.

Nilifungua mdomo nimwite. Mama mdogo akanishika mkono na mkono wake uliojaa wino wa pweza.

"Nyamaza."

"Mama mdogo, anaogelea!"

"Anaogelea tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Anavuka kila ukienda kupeleka nguo za watu."

"Mbona anasema hajui?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto wa mwisho duniani. "Si ulimwambia akijua unaondoka?"

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nilimtazama baba akipanda ngazi, akajifuta, akaanika taulo upande wa pili ili lisionekane, akavaa kaptula kavu. Tulingoja muda, kisha mama mdogo akanivusha. Nilipopanda, baba alikuwa amekaa na redio yake, nywele zina maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umewahi." Akajikuna shingo. "Kesho tufanye tena yale ya miguu. Bado yananishinda."

Nikasema, "Sawa baba. Taratibu tu." Kesho yake nikamfunga kamba kiunoni, akazama mbele yangu kwa ustadi mkubwa, akameza na maji kidogo ili nisishuku.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, yeye anajifanya hajui na mimi najifanya namfundisha, mpaka kaka alipokuja.

Kaka alikuwa hajawahi kukanyaga boti ile. Alikuwa amekasirika, kisha amezoea kukasirika, kisha akasikia haya kuja. Sikukuu ya Idi ndogo akaona haifai baba ale bila yeye, akaja na wifi yangu na sufuria kubwa la biriani limefungwa kwa kitambaa. Mama mdogo akawaleta kwa kidau. Kaka ni mtu mnene, anavaa saa kubwa, na siku ile alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ina makali. Kutoka kwenye kidau kwenda kwenye ngazi ni hatua moja tu, ila lazima uitie nguvu mara moja bila kusita. Kaka akasita. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi, mwingine kwenye kidau, na kidau kikaanza kurudi nyuma.

"Ruka!" mama mdogo akamwambia.

"Niruke wapi?"

Akaingia majini na kanzu yake, na hakutoka. Maji yalikuwa yamejaa, na mkondo ulikuwa unavuta kuelekea nje. Wifi akapiga yowe. Mimi nilikuwa nimeshika lile sufuria kwa mikono miwili, nimeinama, na kabla sijapata mahali pa kuliweka nikamwona baba akipita hewani juu ya kichwa changu, kofia ikabaki.

Alimfikia kwa mapigo machache. Alimshika kwa nyuma, chini ya kwapa, kama mtu anayejua, akamgeuza chali, akamwambia kwa sauti ile ya kazini, "Usinishike. Tulia. Nimekushika mimi." Na kaka, yule mwanamume mzima, akatulia. Baba akarudi naye akipiga miguu, ile miguu iliyokuwa inamshinda, mpaka kwenye kidau, mama mdogo akamvuta kaka kwa ukosi wa kanzu na sisi wengine tukasaidia. Alikohoa, akatapika maji, akalia kidogo. Wifi akamkumbatia akiwa amelowa vilevile.

Baba alikuwa bado majini, ameshika ngazi. Tukatazamana. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na alikuwa anahema.

"Naona leo yamekubali," akaniambia.

"Hongera baba," nikasema. "Mafunzo yamesaidia."

Mama mdogo akacheka mpaka akalazimika kukaa. Baba naye akashindwa kujizuia, kisha mimi, na kaka akawa anatutazama mmoja mmoja kama watu waliorukwa na akili. Tulipomweleza hakucheka. Alikaa sitahani amejifunga shuka la baba, akasema, "Mie nilidhani umetukimbia, baba. Nilidhani nyumba yangu haikukufaa."

Baba alikuwa anampakulia biriani. Akaweka sahani chini. "Nyumba yako ni nzuri, mwanangu. Ila pale kila nikiamka mama yenu hayupo. Na hana sababu ya kuwepo, maana hakuwahi kuishi Kibamba. Hapa alizaliwa. Hapa nikiamka naona vitu alivyokuwa akinisimulia. Basi." Akamsogezea kaka sahani. "Kula, umekunywa maji mengi ya chumvi."

Kaka hakumwomba tena baba arudi Kibamba. Alipoondoka, aliingia kwenye kidau akiwa ameshikwa mikono yote miwili, na wiki iliyofuata akatuma betri mpya ya sola.

Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini siku chache baadaye nikamuuliza baba swali ambalo lilikuwa linanisumbua. Mimi nilimfundisha kushika ubavu wa boti na kupiga miguu. Sasa ile ya kulala chali, na ile ya kumwokoa mtu kwa nyuma, nani alimfundisha?

Akajishughulisha na ndoana. "Mama yako mdogo."

Nilielewa kwa nini siku zote alikuwa anavuka kuelekea upande ule, na nitasema kweli kwamba kwanza niliumia. Nilimfikiria mama. Nilikwenda mbele ya boti nikakaa peke yangu, nikashona tundu ambalo halikuwepo.

Mama mdogo hakuningoja nimalize kununa. Kesho yake aliniita kwake, akanipa kisu na samaki wa kuparua, tukakaa tunaparua. Kisha akasema, "Nataka kukuuliza wewe kabla sijamjibu baba yako. Kaka yako atakubali, wanaume wanakubali. Wewe ndiye unayefanana naye marehemu. Nikikutazama namwona dada yangu."

"Kakuuliza lini?"

"Muda. Nilimwambia kwanza ajifunze kuogelea. Siolewi mara ya pili na mtu wa kuzama." Akatupa magamba pembeni. "Dada yangu nilimpenda kabla wewe hujazaliwa. Simchukulii kitu chake. Nataka tu tuzeeke, kila mmoja ana mtu wa kumtajia dada bila kumweleza alikuwa nani."

Niliparua yule samaki mpaka akabaki hana ngozi. Halafu nikamwambia, "Mama mdogo, anakoroma."

"Najua. Anasikika mpaka huku."

Waliozeshwa nyumbani kwake, watu wachache, chai na vitumbua, na gauni la bibi harusi nililishona mwenyewe. Mama mdogo hakutaka waishi nchi kavu. Alisema nyumba yake ataipangisha, ameshinda ndani yake peke yake miaka ya kutosha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyehama. Nilipata chumba chenye baraza hapo hapo Kunduchi, nikaweka cherehani barazani, na sasa nina wasichana wawili ninaofanya nao kazi; tunashona sare, maturubai, na matanga yakitokea. Nilisema nitarudi Tandika. Sijarudi, na hakuna anayeniuliza.

Siku ya kuhama nilihisi ardhi inacheza chini ya miguu yangu, kama ilivyo kwa mtu aliyezoea maji. Usingizi haukunijia vizuri kwa muda. Nilikosa kule kugonga kwa maji ubavuni, nikakosa hata sauti ya baba akiongea na redio.

Ijumaa baada ya swala huenda kula nao. Goti la baba limeanza kumsumbua, anapanda ngazi akihesabu kimoyomoyo, na mama mdogo anamtazama akijifanya hamtazami. Hawajakubaliana mpaka leo kuhusu mbuzi ya kukunia nazi. Baba anasema haina mahali pa kukaa, kila kitu kwenye boti lazima kiwe na mahali pake. Mama mdogo anasema hawezi kuishi na mwanamume ambaye hana mahali pa mbuzi. Ijumaa iliyopita niliikuta imefungwa kamba kichwani mwa kitanda, na juu yake baba amechonga kirafu kipya, hakijapakwa hata vanishi.

"Nimeshindwa kesi," aliniambia.

"Wapi, hujashindwa," mama mdogo akasema kutoka jikoni, ambako ni hatua moja kutoka kitandani. "Umepewa dhamana. Njoo ukune nazi."

Akaenda kukuna.